Mjomba au Ami? Watazamaji wa Runinga Wanajua Wanachouliza

Ni ada ya wasomi wetu wengi kuwacheka watu wanaozungumzia michezo ya runinga kana kwamba wahusika wake ni majirani zao. Husemwa kuwa watu hao hawana kazi, kuwa wamelewa ndoto za ng'ambo, na kuwa hawawezi kupambanua kati ya maigizo na maisha. Aghalabu lawama hizi huwaangukia akina mama, wafanyakazi wa nyumbani na vijana. Nimezisikia hata katika vikao vya walimu wa chuo kikuu, zikitolewa na watu ambao wangeyaandikia tasnifu nzima mazungumzo yale yale lau yangalikusanywa katika kijiji cha mbali na kupewa jina la fasihi simulizi.

Nia yangu katika makala haya ni kuwatetea watazamaji hao. Ninadai kuwa mtu anayebashiri ni nani aliyemwua fulani, au mtoto wa fulani ni wa nani hasa, hafanyi upuuzi. Anafanya kazi ya akili iliyo na kanuni zake. Kanuni hizo ni sheria za ujamaa alizolelewa nazo, nazo zimehifadhiwa katika lugha anayoitumia kila siku. Anayetaka kujua jamii fulani inaamini nini kuhusu ndoa, urithi na heshima, na asikilize inavyobishana baada ya kipindi kwisha.

Tuuchukue mfano mmoja uliochunguzwa kuliko mingine yote, yaani mchezo wa Dallas. Ulianza kuonyeshwa na shirika la CBS la Marekani tarehe 2 Aprili 1978, ukafikia tamati tarehe 3 Mei 1991. Ulihusu jamaa ya Ewing, matajiri wa mafuta katika jimbo la Texas, waliokaa pamoja katika boma moja liitwalo Southfork. Walikuwamo mzee Jock na mkewe Ellie, wana wao, wake za wana wao, na mjukuu wao Lucy. Kifungua mimba, J.R., aliyeigizwa na Larry Hagman, alikuwa mtu wa hila asiyemwonea haya ndugu wala mke. Kitinda mimba, Bobby, alikuwa amemwoa Pamela, binti wa Digger Barnes, ambaye alikuwa hasimu wa Jock tangu ujana wao.

Tarehe 21 Machi 1980 J.R. alipigwa risasi ofisini mwake, na aliyeifyatua hakuonyeshwa. Watazamaji waliachwa na swali hilo hadi tarehe 21 Novemba, kwani mgomo wa waigizaji wa mwaka huo uliirefusha zaidi subira yao. Kwa muda wa miezi minane watu walitoa nadharia zao kazini, barabarani na magazetini. Jawabu lilipotolewa, Wamarekani waliokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 80 walikuwa mbele ya runinga.

Tukizitazama nadharia zenyewe, tutaona kuwa hazikuwa za kubahatisha. Waliomshuku Sue Ellen, mke wa J.R., walisema kuwa mke aliyedhalilishwa mno hatimaye hulipiza. Waliomshuku Cliff Barnes, kakake Pamela, walisema kuwa uadui wa baba hurithiwa na mwana. Waliowashuku watu aliokuwa amewatapeli katika biashara walisema kuwa mali ndiyo chanzo cha maovu. Kila nadharia ilikuwa hukumu kuhusu deni lipi ni zito zaidi: la ndoa, la damu, au la fedha.

Aliyepatikana na hatia alikuwa Kristin, mdogo wake Sue Ellen, ambaye J.R. alikuwa na uhusiano naye wa siri. Kiingereza kinamwita Kristin kwa jina linalomaanisha dada wa kisheria, na jina hilo hilo humfaa dada ya mume, na mke wa kaka pia. Sisi tunatenganisha. Dada ya mume ni wifi yake mke. Dada ya mke ni shemeji yake mume, na neno shemeji lina uzito wake: lina utani ndani yake, na lina mpaka. Shemeji hutaniwa hadharani kwa sababu inafahamika kuwa mpaka huo hauvukwi. Anayeufikiria mkasa wa J.R. kwa Kiswahili hulazimika kumtaja Kristin kwa neno ambalo lenyewe linaonyesha palipovunjwa mwiko.

Upo mfano mwingine ulio mzito zaidi. Katika sehemu za mwanzo kabisa, mwaka wa 1978, Lucy alionyeshwa akiwa mpenzi wa Ray Krebbs, msimamizi wa shamba la Southfork. Mwaka wa 1980 ikafichuliwa kuwa Ray ni mwana wa Jock aliyezaliwa nje ya ndoa. Msomaji na apige hesabu ya ukoo. Babake Lucy ni Gary, mwana wa pili wa Jock. Kwa hivyo Ray ni ndugu yake Gary kwa baba, naye ni ami yake Lucy, au baba mdogo kama wengi wetu tunavyosema. Huyo kwa sheria ya Kiislamu ni maharimu wake, na katika jamii zetu zote ni mtu wa kuitwa baba. Kiingereza kinamwita Ray kwa jina la jumla linaloweza kumhusu hata mume wa shangazi. Kiswahili kinamwita baba, na kwa kumwita hivyo kinamkumbusha mtazamaji jambo ambalo waandishi wa mchezo wangependa lisahaulike.

Wataalamu wa mawasiliano walitambua mapema kuwa watazamaji hawapokei tu wanachomiminiwa. Nchini Uholanzi, mtafiti Ien Ang alitoa tangazo fupi katika jarida la wanawake akiwaomba wasomaji wamwandikie kuhusu Dallas. Akapata barua 42, na juu ya hizo akajenga kitabu kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka wa 1982 na kwa Kiingereza mwaka wa 1985. Waliomwandikia hawakudhani kuwa utajiri wa Texas ni maisha yao. Kilichowagusa, kwa maelezo yake, ni ukweli wa hisia: usaliti, upweke na furaha isiyodumu.

Tamar Liebes na Elihu Katz walikwenda mbali zaidi katika uchunguzi waliouchapisha mwaka wa 1990. Waliwakusanya watu nyumbani kwao katika vikundi vidogo vya wanandoa na marafiki, wakatazama nao sehemu moja ya Dallas, kisha wakawaomba waisimulie upya. Nchini Israeli walizungumza na Waarabu, Wayahudi wenye asili ya Moroko, Wayahudi waliokuwa wamewasili karibuni kutoka Urusi, na wakazi wa mashamba ya ujima yaitwayo kibbutz. Walizungumza pia na Wamarekani wa Los Angeles, na Wajapani, ambao kwao mchezo huo haukufua dafu.

Kila jamii ilisimulia kwa namna yake. Waarabu na watu wa asili ya Moroko walifuata mfuatano wa matukio, wakizingatia nafasi ya kila mtu katika jamaa na wajibu unaoambatana nayo. Wamarekani na watu wa kibbutz walizungumzia zaidi tabia na nafsi ya kila mhusika. Warusi walitafuta ujumbe uliofichwa, wakishuku kuwa watengenezaji wanataka kuwaaminisha watu jambo fulani. Mchezo ulikuwa mmoja, lakini masimulizi yalitofautiana kulingana na msimuliaji.

Lipo tukio moja katika uchunguzi huo ambalo huwapa wanafunzi wangu wa isimujamii kila mwaka. Katika sehemu waliyotazama, Sue Ellen alimtoroka J.R. pamoja na mtoto wao, akahamia kwa mwanamume aliyekuwa mpenzi wake zamani, aliyekaa na babake. Kikundi kimoja cha Waarabu kilisimulia kuwa amekimbilia kwa baba yake mzazi. Walikuwa wameona kwa macho yao, lakini wakasaidiana kulisahihisha tukio hilo hadi likaafikiana na akili. Mke anayemkimbia mume na mtoto mkononi ataelekea wapi kama si kwa baba yake?

Wanafunzi huanza kwa kucheka. Kisha huwauliza wangelieleza vipi tukio hilo kwa Kiswahili, na wengi wao hujibu bila kufikiri: 'Amerudi kwao.' Hapo kicheko hukoma. Neno 'kwao' limekwisha kuamua kila kitu. Mke ana kwao, na kwao ni kwa wazazi wake, hata akiishi kwa mumewe miaka 30. Ili tuseme kilichotukia hasa, hatuna budi kuliacha neno lililo karibu zaidi na ulimi na kujieleza kwa sentensi nzima. Wale Waarabu hawakukosa akili, bali walisikiliza kwa masikio ya jamii yao, kama sisi tunavyosikiliza kwa ya kwetu.

Hapa nafika kwenye jambo linalotuhusu moja kwa moja. Michezo mingi ya kigeni iliyoonyeshwa Kenya, zikiwemo zile za Mexico zilizopendwa mno tangu miaka ya 1990, ilitufikia ikiwa imetiwa sauti za Kiingereza. Mtazamaji husikia Kiingereza, kisha hubishana kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo au Kidigo. Katikati ya kusikia na kubishana, yeye mwenyewe ndiye mfasiri, tena asiyelipwa wala kushukuriwa. Akiuliza, 'Huyo anayemwita mjomba, ni mjomba kweli au ni ami?' watu humwona msumbufu. Ilhali swali lake ndilo lenye kuamua mchezo mzima.

Kwa jamii inayofuata ukoo wa baba, ami anaweza kudai ardhi ya marehemu, na mjomba hana dai hilo. Kwa Wadigo wa zamani, waliorithishana kupitia upande wa mama, mpwa ndiye aliyetazamia mali ya mjomba wake. Anayeuliza kama fulani ni mjomba au ami anauliza nani atarithi, nani ana sababu ya kuua, na nani anaweza kumwoa nani. Kachero hodari angeanzia hapo hapo.

Sasa zamu ya kutafsiri imewafikia pia wenye vituo. Mwaka wa 2011 mchezo wa Kichina uitwao kwa Kiswahili 'Doudou na Mama Wakwe Zake' ulionyeshwa na televisheni ya taifa ya Tanzania ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili. Mnamo Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China aliutaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam kuwa umewawezesha Watanzania kuyajua maisha ya kawaida ya jamaa za Kichina. Doudou ni mke kijana ambaye wazazi wa mumewe walikwisha kuachana, na mkwewe mwanamume ameoa tena. Ndiyo sababu anakabiliana na mama wakwe wawili.

Kichina kina neno la mama wa mume na neno jingine la mama wa mke. Kiswahili kinawaita wote wawili mama mkwe, na Pwani utawasikia wengine wakisema mavyaa. Fauka ya hayo, mkwe kwetu ni neno la pande mbili: mimi ni mkwe wako na wewe ni mkwe wangu. Je, mke mpya wa baba mkwe naye ni mama mkwe, au ni mke wa mzee tu? Aliyelelewa katika boma la wake wengi ana jibu lake tayari, na huenda likampinga Doudou kabisa. Mfasiri asiyeyapima mambo haya atawaharibia watazamaji nadharia zao kabla hawajazijenga. Atalitumia neno 'ami' mahali ambapo siri ilikuwa kwamba mtu huyo si ndugu wa baba, na taharuki iliyokusudiwa kudumu majuma kumi itakwisha kwa neno moja.

Ninawasihi basi wenye vituo wanaotia michezo sauti za Kiswahili waandike kwanza nasaba ya wahusika wote, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, ndipo waanze kutafsiri. Wawaite wazee wanaojua istilahi za ujamaa, wawalipe kama wataalamu, maana ndio wataalamu wenyewe. Waandishi wetu nao wana hazina ambayo mwandishi wa Texas hakuwa nayo. Tausi, mchezo wa Kiswahili ulioonyeshwa na KBC katika miaka ya 1990, ulitukumbusha kuwa visa vya jamaa vinaweza kusukwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, bila kungojewa vitafsiriwe.

Nao wasomi wenzangu na waache kucheka, wachukue daftari. Mnamo Mei 1985 Bobby Ewing alikufa katika Dallas, na Mei 1986 akaonekana akioga kana kwamba hakuna lililotukia. Septemba hiyo watazamaji wakaambiwa kuwa mwaka mzima ulikuwa ndoto ya Pamela. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Walikuwa wamekaa matanga ya mtu huyo, wakampima Pamela, wakajadili mali yake itakwenda kwa nani. Mwenye kuwaambia watu kwamba matanga waliyokaa yalikuwa ndoto amewavunjia heshima, hata kama marehemu ni wa kubuniwa. Jamii inayojua kukasirika kwa sababu hiyo bado inajua thamani ya ujamaa.