Uliza Omu Kabla ya Kuunga Spika

Katika nchi ya Gusii, tangu Suneka na Ogembo mpaka Nyamira na Nyansiongo, siku hizi ni nadra kuona mkusanyiko wa watu usiokuwa na spika. Mahubiri ya Sabato, misa ya Jumapili, harusi, mazishi, baraza la chifu na mikutano ya wakulima wa chai, yote huendeshwa kwa mashine ya kukuza sauti, ambayo watu huiita amplifaya. Vyombo hivyo aghalabu hununuliwa kwa fedha za mchango, nazo hutoka kwa watu waliochuma chai na kuuza ndizi. Kwa hiyo chombo kikiungua kwa sababu ya kutojua, haikupotea mali ya mtu mmoja, bali jasho la wengi. Nataka kuwaeleza wasomaji jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara na kwa aibu.

MKASA WA MAZISHINI

Mwezi wa Desemba 2023 tulimzika mwalimu mmoja mstaafu katika kijiji kilicho karibu na Keroka, mji ule ulio mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira. Kanisa letu lilikuwa na amplifaya ya transista pamoja na spika mbili, kila moja ya omu 8. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotazamia, hata wengine wakaketi chini ya mteremko, katikati ya migomba. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nilimwita kijana aliyeangalia mitambo, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nikamwambia aazime spika mbili zaidi kwa jirani, aziunge, ili walio mbali nao wasikie.

Kijana akasema, "Bwana Katibu, sina hakika kama mashine itastahimili."

Nikamjibu, "Mashine ni ya wati 200, na spika ni nne tu. Unga."

Kwa muda wa robo saa sauti ilikuwa nzuri, kila mtu akafurahi. Kisha mjane akasimama asome maneno aliyoyaandika juu ya marehemu mumewe. Kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza spika zilinguruma, pakatoka harufu ya kitu kinachoungua, kisha pakawa kimya. Mama yule aliendelea kusoma kwa sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, lakini waliomsikia ni wale wa mstari wa mbele tu.

Kamati ilipokutana, wengine walisema kwamba stima ndiyo mbaya. Wengine walisema duka lilituuzia bidhaa hafifu. Lakini wengi waliona kwamba kijana ndiye aliyeharibu, basi na alipe. Mimi nilinyamaza.

MANENO YA FUNDI

Niliipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini Kisii, mzee aliyeanza kazi ya kutengeneza redio katika miaka ya 1960. Aliifungua, akainusa, akaniuliza, "Bwana Karani, mliunga spika ngapi?"

"Nne, Mzee."

"Za omu ngapi?"

"Nane, kila moja."

"Mliziungaje?"

"Zote pamoja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi."

Aliigeuza mashine, akanionyesha maandishi madogo yaliyo nyuma, mahali pa kuungia nyaya. Yalisema kwamba spika zisipungue omu 4. Maneno hayo yalikuwa pale tangu siku tuliyoinunua. "Basi," akasema mzee, "aliyeiua mashine hii si kijana, wala si stima. Ni hesabu."

MAANA YA OMU

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi chombo kinavyouzuia umeme usipite. Jina hilo latokana na Mjerumani Georg Ohm, aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Tuufananishe umeme na watu wanaotoka kanisani baada ya ibada. Mlango ukiwa mwembamba, watu hutoka wachache wachache. Hiyo ndiyo omu nyingi. Mlango ukiwa mpana, hutoka kwa wingi. Hiyo ndiyo omu chache.

Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba, yaani nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, ni kama umefungua milango miwili. Njia imepanuka, na jumla ya omu hushuka hata 4. Spika nne zikiungwa hivyo, jumla ni omu 2. Lakini ukiziunga mbili kwa mfuatano, waya ukipita katika ya kwanza ndipo uingie katika ya pili, ni kama watu wanaopita mlango mmoja kisha mwingine. Hapo omu hujumlishwa: 8 na 8 ni 16.

Sasa tazama hesabu. Tuseme amplifaya ya transista inasukuma volti 20. Ikiungwa na omu 8, hutoa ampea 2.5, na nguvu yake ni wati 50. Kwa omu 4 hutoa ampea 5, yaani wati 100. Kwa omu 2 yatakiwa itoe ampea 10, yaani wati 200. Amplifaya ya transista ni kama mwenye duka asiyejua kukataa: kila anayekuja kuomba humpa, mpaka duka lifilisike. Transista hupata moto, na kama hakuna kinga ya kuizima mashine mapema, huungua.

Lililonichoma moyo zaidi ni hili: spika zile zile nne zingeweza kutumika bila madhara. Tungeziunga mbili kwa mfuatano tupate omu 16, na mbili nyingine vivyo hivyo, kisha jozi hizo mbili tuziunge sambamba. Jumla ingekuwa omu 8. Nguvu ingepungua, ndiyo, lakini sauti ingewafikia watu wa mteremkoni, na mjane angesikika mpaka neno la mwisho.

VALI NA TRANSISTA

Fundi alinieleza kwamba katika ujana wake hofu ilikuwa ya namna nyingine. Siku zile amplifaya zilitumia vali, vile vitaa vya kioo vinavyong'aa ndani ya redio. Vali ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, na ile iliyoweza kukuza sauti ilifuata mwaka 1906 kwa kazi ya Lee de Forest wa Marekani. Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na katika miaka ya 1960 ikaanza kuzishinda vali, kwa kuwa ni ndogo, haili umeme mwingi, wala haihitaji kungojewa ipate joto. Hata hivyo vali hazijatoweka. Baadhi ya wapiga gitaa wazipenda mpaka leo, na redio kubwa za mbao zilizonunuliwa kabla ya uhuru wa mwaka 1963 bado zimo katika nyumba za baadhi ya wazee.

Vali hufanya kazi kwa volti nyingi na ampea chache, lakini spika yataka volti chache na ampea nyingi. Kwa hiyo kati yao huwekwa transfoma, nayo hufanya kazi kama meno ya baiskeli yanavyomsaidia mwendeshaji apande kilima. Nyuma ya amplifaya ya vali mara nyingi utaona mahali pa kuungia pameandikwa 4, 8 na 16. Spika ya omu 8 huungwa penye 8, na ya omu 16 penye 16. Vali yataka ulingano. Transista yataka tu omu zisipungue kiasi kilichoandikwa. Spika ya omu 16 ikiungwa na amplifaya ya transista, sauti itapungua kidogo, lakini hakuna kitakachoharibika.

Redio nyingi za zamani za Kiingereza zilikuwa na spika za omu 3. Ukibadilisha spika iliyopasuka, usiweke tu yoyote iliyo dukani, maana transfoma iliyo ndani ilipimwa kwa ile ya kwanza.

Tena kuna tofauti moja kubwa ambayo kila mshika mitambo yampasa kuikariri. Amplifaya ya vali isiwashwe na kupigwa sauti bila spika. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote, mara ukafunguka ghafula: huanguka mwenyewe. Volti hupanda ndani ya transfoma na zaweza kuitoboa. Lakini amplifaya ya transista ikikosa spika hukaa tu bila kazi, wala haidhuriki. Adui yake ni nyaya mbili kugusana. Kwa kifupi, vali huogopa waya uliokatika, na transista huogopa nyaya zilizogusana.

Naongeza onyo: ndani ya amplifaya ya vali mna volti 300 au zaidi, na umeme huo waweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mwachie fundi aifungue.

WAYA MREFU

Shamba letu ni la vilima, na spika huwekwa mbali. Waya wa shaba ulio mwembamba, wa milimita 0.5 za mraba, ukipelekwa meta 50, umeme husafiri meta 100 kwenda na kurudi, na waya wenyewe huwa na omu 3.4 hivi. Ukiwa na spika ya omu 8, nguvu inayofika ni kama nusu tu ya ile ambayo ingefika kwa waya mfupi. Waya wa milimita 1.5 za mraba hupunguza hasara hiyo mpaka robo hivi.

Kwa masafa makubwa zaidi iko njia nyingine. Amplifaya nyingi za makanisa zina mahali palipoandikwa volti 100. Hapo huungwa spika za tarumbeta zenye transfoma ndogo ndani yake, wala hesabu si ya omu tena, bali ya wati. Kila spika hupangiwa wati zake, na jumla yake isizidi wati za amplifaya. Mashine ya wati 100 yaweza kulisha tarumbeta tano za wati 20 kila moja, zote zikiwa sambamba. Lakini usiunge kamwe spika ya kawaida ya omu 8 mahali pa volti 100, wala usitumie mahali pa omu na mahali pa volti 100 kwa wakati mmoja.

WATI SI SAUTI

Watu wengi hudhani kwamba wati nyingi ndizo sauti kubwa. Si hivyo daima. Nyuma ya spika, au katika karatasi zake, huandikwa desibeli inazotoa kwa wati 1 kwa umbali wa meta 1. Spika ya desibeli 98, kwa wati 10, hulia sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Kwa sababu hiyo amplifaya ndogo za vali za zamani, zikiungwa na tarumbeta nzuri, zilisikika uwanja mzima. Mwenye fedha kidogo heri atafute spika yenye desibeli nyingi kabla ya kununua mashine kubwa. Tena asiilazimishe mashine ndogo mpaka sauti ipasuke, maana sauti iliyopasuka huziunguza zile spika ndogo za sauti nyembamba.

MAMBO YA KUSHIKA

Kabla ya kuunga, soma maandishi ya nyuma ya mashine na ya nyuma ya spika. Kama maandishi yamefutika, pima kwa mita ya fundi mashine ikiwa imezimwa na spika imetenganishwa: spika ya omu 8 aghalabu husoma 6 hivi, na ya omu 4 husoma 3 hivi. Zima mashine kila unapounga au kuungua. Hakikisha nyuzi za waya hazikutawanyika zikagusana. Ukiazima spika, piga hesabu upya.

Kamati ilipokutana mara ya pili, nilisimama nikasema kwamba amri ya kuongeza spika ilikuwa yangu, na kwamba kijana alinionya, nami sikumsikiliza. Wazee walikaa kimya kidogo, kisha mmoja akasema kwamba mtu aliyesoma ndiye aliyepaswa kusoma maandishi yale. Sikuwa na jibu. Nililipa nusu ya gharama ya matengenezo, na kanisa likalipa nusu; kijana hakudaiwa kitu. Siku hiyo hiyo yeye nami tulichukua rangi nyeupe, tukaandika omu kwa tarakimu kubwa nyuma ya kila spika, na juu ya mashine tukaandika: ISIPUNGUE 4.

Kijana huyo ndiye aliyebaki mkuu wa mitambo. Mtu akimletea spika ya kuongeza, hata awe mzee wa kanisa au katibu wa kamati, yeye humwuliza kwanza ni ya omu ngapi, na asipojibiwa haiungi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutomsikiliza anayeuliza ndio ujinga wenyewe.