Mke Ng'ambo, Duka Lodwar: Swali la "Utarudi?"

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Hapana shaka wasomaji wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wamelelewa na maneno hayo, kama nilivyolelewa mimi. Lakini sikudhani itafika siku nitakiwe kuithibitisha asili yangu kwa karatasi zenye mihuri, mbele ya afisa asiyenijua wala asiyepata kukanyaga Turkana.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nauza nguo na vyombo mjini Lodwar, katika duka aliloniachia marehemu babangu, na mamangu mzazi yuko nami. Mke wangu ni binti wa wazazi wa Kisomali aliyekulia kambi ya Kakuma, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka hapa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo, hata leo Kakuma pamoja na Kalobeyei zina watu wapatao 300,000. Jamaa zake walihamishiwa ng'ambo, yeye akapata uraia wa huko, akarudi kutuzuru, na tukafunga ndoa hapa Lodwar kwa walii na mashahidi. Cheti tunacho, kwani kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ndoa za Kiislamu nazo huandikishwa.

Watu huniuliza kwa nini hatuishi pamoja. Jawabu ni wazee. Yeye anawatunza wazazi wake huko, nami namtunza mamangu huku. Tumekubaliana tuwe tukitembeleana mpaka Mola atakapotufungulia njia nyingine.

Yeye kuja si taabu kubwa. Kenya iliondoa viza mwezi wa Januari 2024, na wageni wengi huomba idhini kwa intaneti kabla ya safari. Taabu ni mimi kwenda.

Yafaa msomaji ajue sheria zenyewe zinasemaje. Marekani, kwa kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952, kila mwombaji wa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa ni mhamiaji mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen humpa mgeni siku 90 katika kila siku 180, na afisa hupima kama mtu ana nia ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Uingereza aghalabu humruhusu mgeni miezi 6 kwa ziara moja, lakini asiifanye nchi hiyo kuwa makao yake kwa kwenda na kurudi mfululizo. Canada ina sheria ya upole kidogo: inakubali kwamba mtu aweza kuwa na nia ya kuhamia siku za mbele na bado akawa mgeni wa kweli leo, mradi ataondoka muda wake ukiisha.

Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Nchi yenyewe sitaitaja. Nilijibiwa kwa mistari michache kwamba afisa hakuridhika kuwa nitaondoka, na ada haikurudishwa.

Sasa tazama shida ya mtu wa Turkana. Anatakiwa aonyeshe hati ya kumiliki ardhi, barua ya mwajiri na hesabu za benki. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, na wenye hati zao binafsi ni wachache. Jirani yangu Mturkana ana ngamia na mbuzi wengi, na mifugo yake imechomwa alama ya ukoo wake, ambao kwao huitwa emachar. Ukimwona ngamia unajua mwenyewe ni wa ukoo gani. Kuna kifungo gani cha nyumbani kilicho imara kuliko hicho? Walakini alama ile haisomeki benki wala ubalozini.

Nasi watu wa Pwani tusijione bora. Wangapi Mombasa wamezaliwa katika nyumba za Waswahili zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, nyumba yao, kiwanja si chao? Kizazi cha tatu kimo humo, na hati hakina.

Lililonitatiza zaidi lakini si hati. Katika fomu ile ile natakiwa kuonyesha kwamba ndoa yangu ni ya kweli, si ya kununua njia. Basi naambatisha picha, barua na fedha tulizotumiana. Kila ninavyozidi kuthibitisha mapenzi, ndivyo afisa anavyozidi kushuku kwamba sitarudi. Nikipunguza mapenzi, anashuku ndoa. Mume anatakiwa aonekane ana mke, na papo hapo aonekane anaweza kumwacha uwanjani na kupanda ndege.

Mke wangu alipoyasikia haya alicheka, kisha akanyamaza. Jamaa zake walipofika Kenya walitakiwa kueleza kinyume chake. Kwa Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu mwenye hofu ya haki ya kuteswa, asiyeweza kurudi kwao kwa sababu ya hofu hiyo. Wao walithibitisha kwamba hawawezi kurudi nyumbani. Mimi nathibitisha kwamba siwezi kukosa kurudi. Ndoa moja ina mafaili mawili yanayopingana.

Babu zetu hawakuulizwa hivyo. Nahodha wa Oman au Hadhramaut alikuja Mombasa na kaskazi, akaoa, akarudi kwao na kusi. Hakuna aliyemtaka barua, kwani upepo ndio uliokuwa dhamana.

Safari ya pili nilijibiwa kwa heri, na nimekwenda zaidi ya mara moja tangu hapo. Nayasema yaliyonifaa ili na mwingine yamfae. Nilipeleka leseni ya biashara ya kaunti, risiti za kodi, taarifa za benki na za M-Pesa za miezi mingi, na barua ya chifu inayoeleza kwamba mamangu ananitegemea. Nilitaja wazi kwamba mke wangu yuko huko. Kumficha ni hatari: Canada humfungia mlango miaka 5 aliyesema uongo katika ombi lake, na Uingereza yaweza kumfungia hata miaka 10. Nilitaja tarehe ya kurudi, na nikarudi kabla yake. Sasa ushahidi wangu ulio bora ni mihuri ya pasi yenyewe, inayoonyesha nimetoka na nimerudi. Lakini nao nautumia kwa kiasi. Nakaa nyumbani muda mrefu kuliko ninaokaa ugenini, maana mwenye kwenda kila mara huambiwa amekwisha hamia.

Siwalaumu maafisa. Wapo waliokwenda kutembea wasirudi, na wanaofuata nyuma ndio wanaolipa. Walakini ndoa nyingi za siku hizi kati ya vijana wetu na walioko ng'ambo zinafungwa kwa furaha bila ya mtu kufikiri nani atasafiri, kwa ruhusa gani, na wazee wataachwa na nani. Mambo haya yazungumzwe mapema. Siku ya posa, walii akishamaliza kuuliza mahari, na aulize na pasi.