Kibubu cha mtoto ni deni kwa mzazi

Siku ya Idi, sehemu kubwa ya biashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Zanzibar huwa mikononi mwa watoto. Wenye bembea, wauza malai, maputo na midoli wanalijua hilo. Mtoto aliyekusanya mkono wa Idi kwa wajomba na mashangazi huingia sokoni na fedha taslimu, hadaiwi na mtu, wala hajafunzwa kuuliza bei mara mbili. Ikifika magharibi, wengi hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mfanyabiashara anayefurahia mauzo hayo mara nyingi naye ni mzazi. Suala ni je, wa kwake anamfunza lini?

Utafiti wa David Whitebread na Sue Bingham wa Chuo Kikuu cha Cambridge, uliotolewa Uingereza mwaka 2013, ulieleza kuwa tabia nyingi za msingi zinazomwongoza mtu katika fedha huwa zimeanza kujengeka afikapo miaka 7. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

AHADI ISIYOTIMIZWA

Majumbani mafunzo huanza na kibubu, na mara nyingi huharibikia hapo hapo. Mtoto hutunza sarafu zake miezi kadhaa. Siku mzigo umefika na mtaji umepungua, mzazi anakivunja "kwa kukopa" na deni halilipwi. Kiasi ni kidogo, lakini hasara ni kubwa.

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 28 wa miaka 3 hadi 5. Nusu yao waliahidiwa vifaa bora vya kuchorea wakaletewa. Nusu waliahidiwa wakaambulia kuombwa radhi. Kisha kila mtoto akapewa peremende moja na kuambiwa akisubiri ataongezwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika 3 tu.

Maana yake kwa mwenye duka ni nyepesi. Mtoto anayekula fedha yake haraka huenda si mbadhirifu. Amepiga hesabu kwamba kinachobaki kitachukuliwa. Mzazi aliyekopa kwenye kibubu na alipe, tena siku aliyoahidi na mbele ya mtoto mwenyewe.

MTAJI SI FAIDA

Darasa la pili ni biashara ndogo ya nyumbani. Chukulia mtoto amepewa sh. 5,000 za kutengeneza barafu na ubuyu. Akiuza vyote anapata sh. 7,000. Mtoto asiyefunzwa huona ana sh. 7,000 za kutumia. Aliyefunzwa hujua zake ni sh. 2,000, na zilizobaki ni za mzigo wa kesho. Wapo watu wazima walioanguka kibiashara kwa kutojua tofauti hiyo.

Aandike pia. Daftari la kurasa chache lenye safu mbili, zilizoingia na zilizotoka, linatosha. Usemi wa wafanyabiashara kwamba mali bila daftari huisha bila habari haubagui umri. Akikosea, akanunua mdoli uliovunjika jioni ile ile, asifidiwe. Hasara ya sh. 1,000 akiwa na miaka 8 ni ada nafuu kuliko ya milioni akiwa na miaka 30.

KUTOKA KIBUBU KWENDA BENKI

Kibubu kina kasoro moja: fedha iliyomo haizai, na bei zikipanda thamani yake hupungua. Kiasi kikikua, mzazi anaweza kumfungulia mtoto akaunti benki, au kumnunulia vipande katika Mfuko wa Watoto wa UTT, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya walio chini ya miaka 18. Ni vizuri mtoto aambiwe tangu mwanzo kwamba bei ya kipande hupanda na pia huweza kushuka, na kwamba haraka haifai.

Hata hivyo, si benki wala mfuko utakaoziba pengo la mzazi asiyetimiza neno. Kabla ya Idi ijayo, wenye madeni ya vibubu wana muda wa kuyalipa.