Dawa ya kuku na kitanda cha hospitali



Mara hii tunaacha kidogo habari ya mihogo na maharagwe. Tunazungumza juu ya dawa ambazo karibu kila nyumba inazijua: antibiotiki, kama vile ampi na tetra. Dawa hizi zinaanza kushindwa, na mwenye kuumia kwanza ni mgonjwa anayelala hospitali siku nyingi.

Hapa Bunia, Kliniki Salama, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), inapokea watu waliojeruhiwa kwa risasi na mapanga. Mfupa uliovunjika na kidonda wazi haviponi kwa siku tatu. Katika hospitali yoyote, mgonjwa wa namna hii anaweza kulala wiki nyingi, hata miezi. Kadiri anavyokaa, ndivyo mikrobe inavyopata njia ya kumfikia: mikono ya muuguzi, mikono ya mlinzi wa mgonjwa, shuka, ndoo. Mikrobe sugu, ile isiyosikia dawa ya kawaida, ikiingia ndani ya mfupa, inabidi kupasua tena na kutafuta sindano za bei kali. Wakati mwingine mguu unakatwa. Na kule nyumbani shamba linabaki bila kupaliliwa, mbuzi wanauzwa.

Si shida ya Ituri peke yake. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu karibu 1,270,000 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya mikrobe sugu. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Mikrobe inakuwaje sugu?

Mnawajua wadudu wa kabichi. Ukipiga dawa ileile kila msimu, tena nusu ya kipimo, wanyonge wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana. Msimu unaofuata unapiga, hawasikii. Mikrobe ni vilevile.

Sisi wafugaji tunaingia wapi?

Kuku wakianza kufa, wengi wetu tunafungua kapsuli ya tetra na kuimimina ndani ya maji yao. Lakini Newcastle, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, unaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kuku wanakufa tu, na mikrobe za tumboni mwao zinazoea dawa. Kisha zinatoka na kinyesi, zinafika kwenye maji, nyama na mikono yetu.

China, mwaka 2015, watafiti walitangaza kwamba wamekuta, kwa nguruwe na kwa wagonjwa wa hospitali, jeni ileile inayosaidia bakteria kushinda kolistini, mojawapo ya dawa za mwisho za daktari. Wafugaji walikuwa wakiitia katika chakula cha wanyama ili wanenepe. Mwaka 2017 serikali ikakataza.

Tufanye nini?

- Kuku: tuchanje Newcastle mapema. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila miezi minne. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo nyumba nyingi zichange na kuchanja siku moja.
- Ng'ombe na mbuzi: muite veterineri kwanza. Maliza siku za dawa, kisha heshimu siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuuza maziwa au nyama. Maziwa yenye antibiotiki hata hayagandi vizuri, juu dawa inaua pia bakteria nzuri.
- Nyumbani: mafua ni virusi. Usinunue kapsuli mbili tatu sokoni. Muganga akikuandikia antibiotiki, maliza siku alizosema, hata ukisikia nafuu.
- Hospitali: ukimlinda mgonjwa, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa. Usiguse kidonda, usikae kwenye kitanda cha jirani.

Kwa mkutano ujao, kila koperative iweke neno moja kwenye ajenda: siku ya chanjo ya kuku. Tetra tusiyoimwaga bure leo, kesho itaweza kuokoa mguu wa mtoto wetu.