Vifaa vya Upasuaji Kusahaulika Mwilini: Mgonjwa Aulize Nini?

Mtu anayepasuliwa tumbo huwekewa ndani, kwa muda, vitambaa vya shashi vya kunyonya damu, pamoja na koleo na vifaa vingine. Kinachosahaulika mara nyingi zaidi si mkasi, kama wengi wanavyodhani, bali ni shashi. Ikilowa damu hufanana na nyama inayoizunguka, hata jicho la daktari mzoefu huipita. Hatari huongezeka upasuaji unapokuwa wa dharura, au mpango unapobadilika katikati ya kazi.

Kinga yake ni hesabu. Watumishi wawili huhesabu pamoja kwa sauti kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo na ngozi inaposhonwa, na idadi huandikwa. Isipolingana, kitu hutafutwa, na ikibidi hupigwa picha ya eksirei; shashi nyingi za chumba cha upasuaji zina uzi unaoonekana katika picha hiyo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye mambo 19, hesabu hiyo ikiwemo. Ifakara yetu ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani ilikojaribiwa, na katika hospitali hizo kwa jumla vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hata hivyo wanaohesabu ni binadamu: katika visa vingi vilivyochunguzwa, hesabu ilikuwa imeandikwa kuwa ni sahihi.

Kwa hiyo tunamshauri mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, aulize bila woga: je, hesabu ya vifaa ilikamilika? Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amechomwa ganzi ya mgongoni huwa macho, na huweza kuisikia hesabu yenyewe. Aulize pia kama kuna kitu kilichoachwa kwa makusudi, mfano mpira wa kutoa maji au shashi ya kuzuia damu, na kitatolewa lini.

Mkazi wa Lusewa aliyepasuliwa Songea hurudi nyumbani, mbali na waliompasua. Maumivu yasiyokwisha, homa inayorudi, uvimbe, kidonda kinachotoa usaha au choo kufunga huweza kutokea baada ya wiki chache, wakati mwingine baada ya miaka. Mhudumu wa zahanati asiyeambiwa habari za upasuaji huweza kutibu malaria tu. Hati ya kuruhusiwa kutoka hospitali isitupwe. Ionyeshwe kila aendapo kutibiwa, naye aombe rufaa ya kupigwa picha.

Ikithibitika kuwa kitu kilisahaulika, malalamiko yaandikwe kwanza kwa mganga mfawidhi wa hospitali husika, na nakala itunzwe. Asiporidhika, mlalamikaji huweza kwenda Baraza la Madaktari Tanganyika au, ikiwa ni suala la muuguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Anayekusudia kudai fidia mahakamani asikawie: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, na hospitali ikiwa ya Serikali hutangulia notisi ya siku 90.