Mdimu mmoja uani waweza kurejesha vipepeo nyumbani

WAKAZI wengi wa mijini wanaopenda vipepeo hupanda maua ya kila rangi, kisha hushangaa kuona wageni hao wakipita tu bila kukaa. Sababu ni kwamba maua humpa kipepeo chakula, lakini hayampi mahali pa kuzaa.

Mfano ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ajulikanaye kitaalamu kwa jina la Papilio demodocus. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika, kusini mwa Sahara. Jike hutaga mayai yake, moja moja, juu ya majani machanga ya mdimu, mlimau au mchungwa, kwa kuwa ndiyo chakula cha viwavi wake.

Hapo ndipo ugomvi na mwenye bustani unapoanza. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, hila inayomkinga asiliwe. Akikua hugeuka kuwa wa kijani, na akibughudhiwa huchomoza nyuma ya kichwa kiungo laini chenye panda mbili na harufu kali. Asiyemfahamu humnyunyizia dawa, kisha hulalamika kwamba vipepeo wametoweka, ilhali amewaua kwa mkono wake mwenyewe.

Mdimu uliokomaa hauangamii kwa kupoteza majani machache. Mche mdogo, hata hivyo, waweza kubaki matawi matupu. Hivyo ni vyema viwavi wakahamishiwa kwenye mti mkubwa badala ya kuuawa. Kiwavi akishiba hugeuka pupa, na kwa kawaida kipepeo hutoka baada ya wiki mbili au tatu.

Viungo vya jikoni navyo vina nafasi yake. Nchini Afrika Kusini, viwavi wa aina hiyo hiyo hula pia shamari. Huko Marekani, ndugu yake aitwaye Papilio polyxenes hutaga kwenye shamari na shibiti. Mrehani ukiachwa utoe maua huwapa wadudu wengi asali ya maua, na udongo wenye unyevu huwavutia madume, ambao hufyonza chumvichumvi humo.

Siri hiyo wanaifahamu vyema wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakilea viwavi kwa majani ya mimea wanayoipenda na kuuza pupa nchi za nje. Kwao, jani lililotobolewa si hasara bali ni dalili ya mapato.

Kwa mkazi wa mjini asiye na shamba, mdimu mmoja, hata kwenye chungu kikubwa, na vyungu viwili vya viungo vyatosha kuanzia. Sharti ni moja: dawa ya kuulia wadudu isitumike hapo, na majani yaliyoliwa yavumiliwe. Asiyemtaka kiwavi hana budi kumkosa kipepeo.