Nyumba ya Magurudumu Humwaga Wapi?

Katika nchi ya Marekani wako watu ambao wakisafiri hawana haja ya hoteli wala ya kubisha hodi kwa jamaa. Gari lao ndiyo nyumba yao. Ndani mna kitanda, jiko, mahali pa kuogea na, naam, choo. Kampuni ya Winnebago ilianza katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, mwaka wa 1958 kwa kuunda matrela ya kulala, na mwaka wa 1966 ikaunda magari yenye injini zake. Tangu hapo barabara hazikukosa wasafiri wa namna hii. Wengi wao ni wazee waliostaafu, ingawa wako pia wanaoishi garini kwa kuwa kodi ya nyumba imewashinda. Hao ndio alioandika habari zao Bi Jessica Bruder katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: choo hicho huishia wapi? Nyumba zetu za mawe huku pwani zina mashimo yake yaliyochimbwa na waliotutangulia. Gari haliwezi kuchimbiwa shimo kila linaposimama.

Jawabu li chini ya sakafu. Huko mna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, ambayo wenyewe huyaita maji ya kijivu, na la choo, ambayo huyaita maji meusi. Tangi la choo hubebwa hivyo hivyo mpaka kwenye kituo cha kumwagia. Barabarani kituo hujulikana kwa kibao cha buluu chenye picha ya trela. Hupatikana kwenye kambi za wasafiri, mbuga za majimbo na baadhi ya vituo vikubwa vya mafuta, na siku hizi simu ya mkononi humwonyesha mtu kilichoko karibu. Vingine ni bure, vingine kwa malipo.

Kituo chenyewe si kitu cha kutazamwa. Ni saruji iliyoinamia tundu lenye kifuniko, na pembeni mfereji wa kusuuzia. Lakini kazi yake ina taratibu kama za udhu, kipi kitangulie na kipi kifuate. Mtu huvaa glavu, akaunga mpira mnene kutoka garini hadi tunduni, akaukandamiza kwa kitu kizito usije ukaruka, kwani ukiruka hakuna cha kusimulia. Hufungua maji meusi kwanza, na yakiisha hufungua ya kijivu, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Anayegeuza mpango huo huondoka na uchafu mpirani. Na mpira wa kusuuzia haukaribishwi kabisa kwenye tangi la maji ya kunywa.

Wageni wa mambo haya hupenda kuiacha koki ya choo wazi muda wote wakiwa kambini penye bomba. Maji hutoka, yaliyo mazito hubaki na kukauka kama udongo wa mfinyanzi. Wajuzi hungoja tangi lijae kama thuluthi mbili, ndipo uzito wa maji uyachukue yote.

Tulifunzwa chuoni kwamba haja haiendewi njiani, wala kivulini, wala penye maji ya watu. Huko nako wako wanaomwaga usiku katika mitaro ya mvua, nayo kwa kawaida huelekea mtoni moja kwa moja bila kusafishwa. Wengine hutia tangini dawa ya fomaldehaidi ili kuua harufu. Dawa hiyo ikifika kwenye karo huua vijidudu vinavyoyeyusha uchafu, na uchafu mbichi ukapenya ardhini kuelekea visima vya jirani asiyejua lolote. Wengine tena hutupa matambara na nepi za watoto tunduni mpaka likaziba. Vituo kadhaa vimefungwa kwa uharibifu wa namna hii, na kila kinachofungwa huongeza kishawishi cha kumwaga gizani.

Pa kuliona jambo hili vizuri ni Quartzsite, mji mdogo katika jangwa la Arizona. Wakati wa baridi magari hukusanyika huko kwa maelfu. Tangu mwaka wa 1983 serikali imetenga sehemu za kukaa muda mrefu, na mwenye kibali hukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Katika sehemu ya La Posa, kusini ya mji, kuna maji na kituo cha kumwagia. Jangwani mvua ni haba na hakuna cha kuosha kilichomwagwa ovyo. Muda ukikatika magari hushika njia kufuata baridi ya kaskazini, na wenye adabu hupitia tunduni kwanza.